Kamba Niliyoiachia Mofu

Wenzangu wa sauti ya pili, mmenichosha. Tangu Jumapili mliponiona na viganja vimefungwa bendeji, simu yangu haipumziki. Mmoja kasema nimeungua na mafuta, mwingine kasema nimeanguka na bodaboda, na Mama Baraka, ambaye hajawahi kukosa la kusema, ameshatangaza kwamba nimeanza kilimo uzeeni. Huyo wa mwisho kidogo apatie. Kaeni basi niwasimulie mara moja, nisirudie kwa kila mtu.

Mnakumbuka nilivyoacha kuimba kwayani. Sikuacha kwa ugomvi, ingawa najua yamesemwa mengi. Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, kitu ndani yangu kilizimika. Zamani tulipoupandisha ule wimbo wa Pasaka, vinyweleo vya mikono vilinisimama, nikajua kwamba Mungu yupo, na mimi ni mdogo, na ni sawa kabisa kuwa mdogo. Baada ya mazishi nilisimama palepale, wimbo uleule, nikajikuta nahesabu matofali ya ukutani. Hapo ndipo nilipotoka. Nisingeweza kufungua mdomo nikamdanganya Mungu mbele ya watu.

Sasa chekeni na mimi: kazi yangu ni kufundisha saikolojia chuoni, na utafiti wangu unahusu kicho. Nasema ile hali inayompata mtu akikutana na kitu kikubwa kuliko akili yake, mdomo ukabaki wazi, ngozi ikasisimka, akajisahau. Nina dodoso la maswali kumi na mawili, kila swali na kipimo chake, kuanzia moja hadi saba. Nilikwenda Mofu, bonde la Kilombero, kuwauliza wakulima wa mpunga ni lini mara ya mwisho hali hiyo iliwapata. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika kwenye karatasi za ofisi. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilitaka kujua kama kile kitu changu kimelala tu au kimekufa.

Dodoma hadi Mikumi: nilijipa moja

Tuliondoka Dodoma alfajiri kwa basi, Morogoro tukanywa chai ya haraka, na mbele kidogo, ndani ya hifadhi ya Mikumi, dereva akazima injini katikati ya barabara. Tembo walikuwa wanavuka. Si wawili watatu. Ni ukoo mzima, na bibi yao mbele, anatembea kama mtu aliyejenga barabara ile yeye mwenyewe. Katoto kamoja kalikuwa chini ya tumbo la mama yake, kanakanyaga lami kwa mashaka.

Basi zima lilihamia upande wa kulia. Mama mmoja wa kiti cha jirani, ambaye tangu Morogoro alikuwa akilalamikia kila kitu kuanzia viti hadi serikali, aliweka kiganja kifuani akanyamaza. Kondakta alivua kofia. Nikasema, haya, hii ndiyo nafasi yangu. Nikaangalia. Nikaona wanyama wakubwa wa rangi ya kijivu. Nikatoa dodoso kwenye mkoba nikajijazia mwenyewe: ulijiona mdogo kiasi gani? Moja. Mwili ulisisimka kiasi gani? Moja.

"Madam, unawahesabu?" kondakta aliniuliza.

"Hapana kaka, najihesabu mimi."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama abiria aliyepanda basi lisilo lake. Niliirudisha karatasi mkobani.

Kidatu: Silasi na moto wa miwa

Mkanda wa injini ulikatika kabla hatujafika stendi ya Kidatu. Fundi aliitwa, akasema dakika ishirini, na kila mtu mwenye akili akashusha mzigo wake na kutafuta kivuli. Tulikaa saa tatu nzima. Hewa ya pale ina utamu wa miwa iliyopikwa, ukivuta pumzi unahisi njaa. Nilikula mayai ya kuchemsha na kachumbari, nikala mahindi ya kuchoma, nikarudia mayai.

Nilikaa gogo moja na mkata miwa anayeitwa Silasi, mtu wa Kigoma, aliyekuwa akirudi kazini kutoka likizo. Aliziona karatasi zangu akauliza kama naandikisha watu. Nikamweleza. Hakucheka.

"Dada, unataka kicho? Njoo siku tunachoma shamba," alisema. "Miwa huchomwa kwanza majani yaishe, ndiyo tukate. Wanawasha pembeni, moto unazunguka, halafu unakutana katikati. Ukikutana unasimama. Unapanda juu kuliko mnara wa simu, na unanguruma. Tupo pale walokole, Waislamu, na wengine hata hawajui wako wapi. Nina mwenzangu Rajabu, mdomo wake haufungwi Jumatatu mpaka Jumamosi. Moto ukisimama, hata Rajabu kimya."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Halafu sitaki kuondoka."

Wenzangu, nimesoma vitabu vingi kuhusu hali hii na sijaona mahali ilipoelezwa vizuri hivyo kwa maneno machache. Niliandika haraka, kalamu inaruka.

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Baada ya hapo tunaingia na mapanga. Kazi inasubiri." Alivunja muwa kwenye goti lake. "Wewe je? Wewe mara ya mwisho lini?"

Hakuna mtu aliyewahi kunigeuzia swali langu. Nilisema, miaka minne. Hakunipa pole wala hakunihubiria, ingawa Biblia ilikuwa inachungulia kwenye begi lake. Alinipa nusu ya muwa, na tukatafuna pamoja mpaka honi ya basi ilipotuita.

Ifakara: viatu vya Mzee Shabani

Niliingia Ifakara jioni nikala wali kwa kitoga, samaki wa mtoni, wa mchuzi. Mchele wa pale unanukia ukiwa bado sufuriani, na nilikula sahani ya pili bila aibu. Asubuhi nilikwenda kutafuta gambuti kwenye duka la Mzee Shabani, ambaye babu zake walitoka Kilwa na kufungua duka lilelile, mlango uleule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na matope haya unakwenda wapi?"

Nikamwambia Mofu, na nikamwambia napima nini. Alivua miwani akaifuta taratibu.

"Kicho mbele ya Mwenyezi Mungu hakipimwi kwa karatasi, mwanangu. Lakini miguu inapimika. Unavaa namba ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Chukua arobaini, na soksi nzito. Matope ya huko yakishika kisigino hayaachi." Aliviweka juu ya kaunta, kisha akanipa jambo lenye faida kuliko gambuti zenyewe. "Na usiende kugonga milango. Hakuna mtu nyumbani. Mpunga umeanza kukomaa, watu wote wako mashambani wanaamia, wanafukuza ndege. Ukitaka wazungumze na wewe, shika kamba."

Sikumwelewa. Mimi mtu wa Dodoma, ndege wetu wa mtama tunawafukuza kwa makelele na mawe. Nikamshukuru, nikavaa viatu vyangu vipya nikatoka navyo, vinapiga kelele mtaani plapu, plapu.

Idete, Namawala, Mofu: saba kila mahali

Bodaboda aliyenibeba anaitwa Baba Jeni, mtu mzima mwenye kitambi, na nilimchagua kwa kitambi hicho nikidhani ataendesha taratibu. Nilikosea. Kati ya Idete na Namawala tulianguka mara mbili, mara zote polepole na kwa heshima, tukalala kwenye tope kama tumepanga. Mara ya tatu tulikwama tu. Tulisukuma pikipiki nusu saa, yeye akiimba, mimi nikitukana kimoyomoyo.

Ila kosa kubwa la Baba Jeni halikuwa barabara. Alikuwa ameona karatasi zenye visanduku, na moyoni mwake akaamua kwamba mimi ni mtu wa kuandika hasara za mashamba ili watu walipwe. Kila tulipopita alipaza sauti: "Nimemleta yule wa hasara!" Mimi nyuma, na helmeti iliyojaa tope, nilisikia makelele tu nikawapungia watu mkono. Nilipofika Mofu nilikuta foleni.

Nilifurahi, jamani! Nikasema hawa ndio watu, wana hamu na utafiti. Nikaketi kwenye ubao nikaanza. Mzee wa kwanza nikamuuliza, ni kitu gani kikubwa kilichokushangaza ukaishiwa maneno? Akasema, viboko walivyoingia shambani kwangu. Ulijiona mdogo kiasi gani? "Saba." Mwili ulisisimka? "Saba. Andika saba kila mahali mheshimiwa, nisije nikarukwa." Wa pili, nguruwe pori, saba. Wa tatu, ndege kweleakwelea, saba, na mke wake naye saba ingawa hakuwepo. Nilipomfikia mtu wa kumi na moja ndipo nilipotia shaka, nikauliza wanadhani natoka wapi.

Ilibidi nisimame niombe radhi. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mzee wa saba zote akasema, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo umetoka Dodoma kutuuliza kama tunashangaa?" Kicheko kilichofuata kilifika mtoni. Foleni ikayeyuka, kila mtu kwake shambani, na mimi nikabaki na madodoso kumi na moja yasiyo na maana. Mwenyekiti wa kitongoji alinionea huruma akanipeleka kwa Mama Renatha, mama wa Kindamba, mwenyeji wa bonde lile, ambaye mume wake alikuwa kambi ya uvuvi na mabinti zake wameolewa mbali. Alikuwa peke yake na eka mbili za mpunga, na mpunga huo ndio chakula chao cha mwaka mzima.

Kwenye dungu la Mama Renatha

Dungu ni jukwaa la miti lenye paa la nyasi, limesimama katikati ya shamba. Msimu wa kuamia, watu hawakai kijijini. Wanakaa hapo, wanapika hapo, wanalala hapo. Kutoka kwenye dungu la Mama Renatha kulikuwa na kamba ndefu inayopita juu ya nguzo hadi pembe zote za shamba, na kwenye kamba yamening'inizwa makopo, vipande vya bati, na sufuria moja iliyotoboka. Ukivuta, shamba zima linapiga kelele. Ndege wakija unavuta, wakiondoka unapumzika, wakirudi unavuta tena. Hiyo ndiyo kazi, tangu kunapopambazuka hadi giza.

Alinipokea vizuri, akaniita mwanangu, akanipa pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa ukawa vipande vidogo vidogo bapa. Nilikula mpaka akacheka. Lakini dodoso alilikataa.

"Sina nafasi ya kushangaa, mwanangu. Uliza wengine."

"Hata mara moja, mama?"

"Vuta hapo, wanakuja."

Nikavuta. Vikundi vidogo, mia, mia mbili, wanatua na kuruka. Nilivuta siku tatu. Jioni mikono ilikuwa inawaka, na nilikuwa nimejifunza kusoma mpunga unavyotikisika wakitua. Karatasi zangu zilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, hakuna aliyeziuliza.

Jumamosi aliniambia jambo moja huku akipepeta mchele. Alikuwa hajafika kigangoni Jumapili tano. Pale, familia yenye watu huachiana zamu: mmoja anabaki na kamba, wengine wanakwenda kusali. Yeye hakuwa na wa kumwachia. Hakulalamika, alisema tu kama mtu anayesema chumvi imeisha. Nikaona hapa ndipo nitakapolipa pepeta yote niliyokula.

"Kesho nenda mama. Mimi nitashika."

"Hutaki kusali wewe?"

"Mimi siku hizi siendi sana," nikasema. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye ungo wake.

Jumapili

Aliondoka na kitenge kipya, viatu mkononi, anatembea juu ya tuta kama msichana. Alinionya mara mbili: ndege wa kundi kubwa huja kutoka matete ya mtoni, ukiwasikia anza kabla hujawaona, na usiache hata kidogo, wakishatua hawaondoki. Nikasema ndiyo mama. Nilikaa, kamba magotini.

Kwanza niliwasikia. Nilidhani ni mvua inayokuja juu ya mabati, nikatazama milima ya Udzungwa na mbingu ilikuwa safi. Ndipo matete ya ng'ambo yakanyanyuka. Sijui niseme vipi. Ukingo wa mto wote ulitoka ardhini ukapanda hewani, ukawa mweusi, ukageuka ukawa wa dhahabu, ukajikunja kama shuka linalokung'utwa, na kila ukigeuka, maelfu kwa maelfu waligeuka pamoja, hakuna aliyegongana na mwenzake, hakuna aliyechelewa. Walipita mbele ya jua na dungu likaingia kivuli. Upepo wa mbawa zao ulinipiga usoni, na ulikuwa wa uvuguvugu.

Nilisimama. Sikumbuki kusimama. Vinyweleo vya mikono vilisimama, shingo ikasisimka, na kwa sauti kubwa kabisa nikaita, "Mama! Mama, njoo uone!"

Nilikuwa namwita mama yangu. Nilimwita kama nilivyomwita utotoni kutoka uani, yeye akiwa jikoni, nikiona kitu kizuri kisichofaa kuonwa na mtu mmoja. Na kwa dakika ile, naapa, hakuwa mbali. Nilijisahau, nikasahau kwamba nina jina, nikasahau miaka minne. Nililia kwa furaha, kwa sauti, peke yangu juu ya miti, na nilimshukuru Mungu bila kuchagua maneno. Kumbe kilikuwa kimelala tu!

Kisha nikaona viganja vyangu. Vilikuwa wazi, vimeinuliwa juu. Kamba ilikuwa chini kwenye matope.

Walikuwa wametua pembe ya mtoni. Niliruka nikavuta, nikapiga sufuria, nikakimbia ndani ya mpunga nikipiga kelele kama mwendawazimu, na gambuti moja ikabaki kwenye tope. Wakanyanyuka wakati wao, wameshiba. Sehemu waliyoiacha ilikuwa kubwa kama kanisa letu pamoja na uwanja wake. Masuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi, hayana kitu.

Darasani huwa nawaambia wanafunzi kwamba kicho humfanya mtu awe mwema zaidi kwa wenzake. Mimi kilinifanya niwalishe ndege chakula cha mama aliyenipa pepeta.

Mama Renatha alirudi anaimba. Wimbo ulikatika akiwa bado kwenye tuta. Alikwenda moja kwa moja pembe ile, akachukua suke, akalisugua kwenye kiganja, akapuliza. Yalikuwa makapi matupu.

"Ulilala?"

"Hapana, mama."

"Ulikwenda haja?"

"Hapana. Niliwatazama." Machozi yalikuwa yananitoka tena, sasa ya aibu. "Waliruka, nikawatazama, nikaiachia kamba."

Alikunja kitenge, akapanda dunguni, akavuta kamba mpaka jioni. Mimi nilipika ugali ambao hakuna aliyeula. Jua lilipokuwa linaingia, akapuliza moto na kusema bila kunitazama.

"Mwaka niliokuja kuolewa hapa nilikuwa na miaka kumi na minane. Mama mkwe aliniachia kamba hii, nguzo hizihizi. Wakaja. Mimi nikadhani Bwana Yesu anarudi." Alitikisa kichwa. "Nikapiga magoti, mwanangu. Kamba huko, mimi huku nimepiga magoti. Walikula nusu ya shamba."

"Alikupiga?"

"Hakunipiga. Alisema njaa ya mwaka ule nitaipika mimi. Na kweli niliipika. Tangu hapo wakija natazama kamba. Miaka thelathini na kitu natazama kamba tu. Nawasikia, siwaoni." Akaongeza kuni moja, akaituliza vizuri. "Bado ni wazuri?"

"Wazuri sana, mama," nikasema.

Jumatatu

Kulipokucha nilimwambia leo mimi nashika, yeye akae atazame. Akakataa, na alikuwa na haki. "Ukiiachia tena nitakula nini?" Basi nikaizungusha kamba kwenye viganja vyote viwili, mara mbili kila kimoja, nikamwomba aifunge fundo mwenyewe. Aliifunga. Akalivuta fundo kulijaribu, akalivuta tena, ndipo akakaa pembeni ya dungu, miguu inaning'inia.

Wakaja. Niliusikia ule mvumo na mwili wangu wote ukataka kuinua kichwa. Nikainamisha. Nilitazama kamba, nikavuta. Makopo yakalia, nikavuta, nikapiga mayowe, kamba ikaanza kukata ngozi, nikavuta. Kivuli kilipita juu yetu na sikukitazama. "Mama, tazama!" nilipiga kelele. "Tazama, nimeshika!"

Kitu kimoja tu nilikitazama kwa kuibia, na ni uso wake. Kilemba kilikuwa kimemwangukia begani na hakukiokota. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa na miaka kumi na minane, wenzangu, sioni njia nyingine ya kuusema uso ule. Walizunguka mara tatu, hakuna aliyetua, wakavuka mto wakaenda. Yeye alibaki ameelekea kule walikopotelea, muda mrefu, na mimi nikaendelea kuvuta ingawa hakukuwa na ndege hata mmoja, kwa sababu niliogopa kuacha.

Ndiye aliyenifungua. Alipoona damu alisema "Yesu wangu," akanimwagia maji, akapasua kipande cha kile kitenge kipya, sikuwahi kumzuia. Alipomaliza akasema, "Lete hiyo karatasi yako."

Nikamsomea swali. Kwa kipimo cha moja hadi saba, ulijiona mdogo kiasi gani?

Alifikiri kwa haki kabisa. "Nitajuaje? Sikuwa nikijitazama mimi."

Kisanduku hicho kipo wazi hadi leo, na kati ya karatasi zote nilizorudi nazo hiyo ndiyo ninayoiamini.

Kurudi, na swali lililobaki

Niliongeza siku nne, nikavuta kwa zamu naye, mikono ikiwa imefungwa. Siku ya kuondoka alinipa mfuko wa pepeta. Nikakataa, nikamwambia nimekwishakula vya kutosha hapa, mimi na ndege wangu. Alikasirika. "Usinitukane, mwanangu." Nikapokea. Ndiyo ile mliyoimaliza Jumapili huku mkiniuliza maswali.

Basi la kurudi lilipita Mikumi mchana. Tembo hawakuwepo, palikuwa na twiga mmoja tu, anatafuna, hana habari na sisi. Nilimtazama mpaka shingo ikauma. Na mkinisikia Jumapili ijayo naimba bila kitabu, ni kwa sababu vidole havikunjiki bado. Wimbo ule naukumbuka wote.

Juzi nilipokuwa napanga madodoso nikagundua swali la kumi na mbili, tulilolibakiza siku ya kuondoka, sikumuuliza Mama Renatha, kwa vile Baba Jeni alikuwa ananipigia honi. Nikampigia simu. Alipokea yuko dunguni. Makopo yalikuwa yanalia nyuma yake, kwa hiyo nilijua mkono mmoja uko kazini.

"Mama, limebaki moja. Je, ungependa hali ile ikupate tena?"

Makopo yalinyamaza. Nikaogopa, nikataka kumwambia avute. Kisha yakaanza tena, taratibu.

"Andika ndiyo," alisema. "Halafu chini yake andika, mwalimu aje ashike kamba."

Nimeandika hivyohivyo, kwa kalamu, na kiganja bado kinauma.